Injini Kubwa kwa Gari la Baba

Tarehe 9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Naandika mtoto akiwa kalala kifuani, kwa hiyo mwandiko ukienda kombo ujue ni yeye kageuka. Anaota meno mawili ya chini na hataki mtu apumzike, ndiyo maana tumempa jina la Bosi. Shemeji yako bado yuko kwenye kinu cha unga. Jioni anarudi kichwa cheupe kama babu, Bosi akimwona analia. Mama mwilini hajambo. Kichwani ndiyo hivyo, leo yuko nasi, kesho ananiuliza mimi binti wa nani. Jana kaniuliza kama wewe umeshakula. Nikamwambia umekula.

Nimekupigia simu mara nane tangu mwaka huu uanze. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Nikasema basi, nishike kalamu.

Neno lenyewe ni hili. Gari la Baba limeanza kumisi. Unajua bado naliwasha kila Jumamosi asubuhi, nalizungusha mpaka sokoni na kurudi, kama alivyotuusia. Sasa nikisimama kwenye taa injini inaruka pigo, inakohoa, usukani unanitetemekea mkononi. Nimemwita Fundi Kibiriti, yule asiyetoa njiti mdomoni. Kabadilisha plagi. Kafungua kabureta, kaiosha, kairudisha. Wapi. Mwisho kajifuta mikono akaniambia, "Dada, marehemu hii injini aliiseti kwa sikio, si kwa kipimo. Mimi nikifuata kitabu inaninunia. Msubiri Sikio."

Na mtaa mzima ndivyo wanavyosema, msubiri Sikio. Baba hakukupa jina hilo kwa kukupendelea. Nakumbuka mlivyokuwa mnainama wawili chini ya boneti, ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, mnasikiliza kwa zamu kama madaktari. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi, na nikiinamisha vibaya nafokewa.

Likizo yako si mwezi wa nne? Njoo hata siku tatu. Wewe hiyo ni kazi ya nusu saa, zilizobaki utalala.

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata, na nimeisoma wakati wa chai, nikaisoma tena. Mwambie Bosi mimi mjomba wake namwunga mkono, asimlaze mtu. Mwambie Mama nimekula.

Mimi mzima. Bado niko kwenye nyumba ya mitambo, majenereta sita kwenye ukumbi mmoja, na la sita ndilo kubwa kuliko yote. Simu usininunie, mle ndani huwezi kusikia mtu aliyesimama mbele yako, na nikitoka nje mtandao nao una maringo.

Kuhusu gari nimefikiri sana. Injini ile imezeeka, mdogo wangu. Imenizidi umri mimi. Utaibembeleza leo, keshokutwa inarudia. Hapa kuna gari la ofisi lilipinduka, bodi imekwisha lakini injini iko salama, silinda sita. Bwana wa stoo amenikubalia niichukue. Nikuletee hiyo. Ile ya Baba ni silinda nne, na ulishaniambia mwenyewe mlima wa hospitali inaupanda kwa kuomboleza. Hii utaupanda huku unaimba. Tena haina mambo ya sikio la mtu. Kibiriti afuate kitabu tu, inaimba yenyewe.

Fikiria. Wewe una mtoto mdogo, huwezi kuwa unakwamia njiani.

Likizo tutaona.

Kaka yako


Tarehe 20 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Meno yameota yote mawili, na jana yamelitoa damu ziwa langu la kushoto. Shemeji yako anakusalimu. Mama anakusalimu pia, ila leo alikuwa anadhani wewe bado unasoma.

Nimefikiri kama ulivyoniambia, usiseme mimi mbishi. Nakiri mlima wa hospitali unanitesa. Wiki iliyopita Bosi alikuwa na homa, nimefika katikati ya mlima injini ikazimika, nikasimama na mguu kwenye breki, mtoto analia nyuma, jasho linanitiririka mgongoni. Dakika ile, Kaka, ungenipa hata injini ya lori ningeipokea.

Lakini nimemwita Kibiriti na futi yake. Kapima huku na huku, akahamisha njiti upande wa pili wa mdomo, nikajua kuna neno.

"Inaingia," akasema. "Ila haiingii hivi hivi. Ni ndefu. Lazima nikate huu ukuta wa mbele ya miguu yako. Na ni nzito, springi za mbele zitalala, nibadilishe. Rejeta hii haitaipoza, nibadilishe. Giaboksi haitabeba nguvu, nibadilishe. Na breki. Ukimwongezea mtu mbio, dada, mwongezee na kusimama."

"Tukimaliza kitabaki nini cha zamani?"

"Viti," akasema. "Na yule panya wa kwenye buti."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Maana kuna jambo sikukuandikia mara ya kwanza. Jumamosi nikiwa narudi kutoka sokoni, Mama alikuwa ananisikia tangu kwenye kona ya duka la vifaa vya shule. Anaacha anachofanya, anajifuta mikono kwenye gauni, anakwenda kufungua geti. Hata siku asizolijua jina langu, lile geti analifungua. Hajakosea hata mara moja. Magari mengine yanapita hapo mchana kutwa hata kichwa hageuzi.

Tangu injini ianze kumisi hatoki tena. Nafika, nashuka, nafungua mwenyewe. Yeye yuko kitini. Jumamosi iliyopita nimemwuliza, "Mama, hukunisikia?" Akasema, "Kuna mgeni?"

Kwa hiyo hapo nakukatalia, Kaka. Sitaki injini nyingine. Nataka hii hii, iseme kama ilivyokuwa inasema. Na mwenye kuijua ni wewe. Mwezi wa nne ndiyo huo unaingia.

Na mbona siku hizi husaini Sikio?

Mdogo wako


Tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinibana. Pole na homa ya mtoto, natumaini imekwisha. Mpe Mama mkono wangu.

Nimesoma habari ya geti. Nimeelewa.

Lakini nisikilize mimi kaka yako. Gari ni la kubebea watu. Baba mwenyewe alikuwa hana huruma na kitu kilichoshindwa kazi, unakumbuka ile pampu aliyoitupa. Leo angekuwepo, akakuona umekwama mlimani na mjukuu wake ana homa, angeing'oa injini ile kwa mikono yake. Na Mama, mdogo wangu, tuseme ukweli, Mama ataizoea mpya. Watu husahau, wakapata kingine.

Injini nimeshaipakia. Nimeisafisha mwenyewe, nimebadilisha sili zote, boliti za kushikia nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni, ziko kumi na mbili, usiruhusu Kibiriti azichanganye na za kwake. Filta ya mafuta ni mpya. Waya nimezifunga karatasi na kuandika kila moja inakwenda wapi. Dereva wa lori la magunia anapita kwenu, ni mtu mwaminifu, ataishusha mlangoni.

Aukate tu huo ukuta. Ukuta ni bati.

Kaka yako


Tarehe 17 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima. Bosi anatambaa, jana kamkuta panya wa kwenye buti kafa, akaniletea. Salamu nimezimaliza.

Sanduku limefika. Wanaume wanne wamelishusha, liko kando ya gari, limefunikwa turubai. Nimefungua nikaona. Kila waya una karatasi yake na mwandiko wako mdogo mdogo. Nimesoma karatasi zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta kama kuna hata moja umeandika unakuja lini.

Mwezi wa nne ulipita, Kaka. Sikusema. Nilitandika kile chumba cha nyuma, nikatandua, nikafua mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu. Barua yako ina boliti kumi na mbili, ina sili, ina filta, neno likizo halimo. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama una mwanamke huko, sema, nimpokee. Kama una deni na mtu wa huku, sema. Kama Mama anakutisha alivyo sasa, na hilo sema, maana hata mimi ananitisha, na nalala naye ukuta kwa ukuta.

Yule dereva wa lori nilimpa maji, akakaa kwenye ngazi. Akakusifu sana. "Kaka yako mtu safi," akaniambia. "Ila ukitaka kumsemesha umguse kwanza bega, vinginevyo utajisemea mwenyewe. Sisi tumeshamzoea, tunaongea naye kwa mikono."

Nikamwuliza, kwa sababu ya kelele za mitambo? Akasema, "Hata kwangu nyumbani, dada, akija kula."

Nilimshukuru, nikamsindikiza, nikarudi nikakaa juu ya sanduku lako.

Nakuuliza mara moja tu, una nini, na nataka jibu la mtu mzima. Kibiriti hajakata kitu, na hatakata mpaka nilipate.

Mdogo wako


Tarehe 30 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii nimeianza mara nyingi, ndiyo maana imenichukua miezi miwili.

Sina mwanamke, na deni sina. Mama hanitishi.

Sisikii. La kushoto lilikwenda mwaka wa pili nilipofika hapa, polepole, sikulitilia maanani. La kulia limekwenda mwaka jana. Siku niliyojua ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye mtambo namba nne, nikaweka bisibisi kama Baba alivyotufundisha, mpini kwenye sikio. Kimya. Nikadhani umezimika, nikataka kumwita mwenzangu awashe. Halafu nikaona mkono wangu wote unatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Mtambo ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa.

Daktari wa kazini alipima. Alichora mstari kwenye karatasi, ukashuka, ukashuka, ukatoka nje ya karatasi. Wamenihamishia kwenye kuandika vipimo, nasoma mishale ya saa za mitambo na kujaza daftari. Watu ni wema. Wananiandikia kwenye vikaratasi, wananigusa bega. Simu yako naiona inawaka jina lako. Huwa naiweka mezani naitazama mpaka izime.

Nisingekwambia. Lakini wewe kila barua unaniambia njoo useti injini, mtaa mzima unamsubiri Sikio. Nije nifanye nini? Nisimame mbele ya Kibiriti na wale wazee wa mtaani, boneti iko wazi, Mama amekaa mlangoni, na mimi niinamishe kichwa nijifanye nasikia? Nilijaribu kukumbuka sauti ya injini ile, nikaipata siku moja nikiwa naoga, ikapotea tena. Baba alinipa kitu kimoja, na nimekipoteza kwa uzembe, maana vizibo vya masikio tulipewa, nikaona vinanizuia kuisikia mitambo vizuri.

Ndiyo nikaitafuta ile ya silinda sita. Nilisema ikiingia mpya, ya kitabu, hakuna atakayeniomba kitu. Nitakuja kama mgeni mwingine yeyote, nile, nimbebe mtoto, niondoke.

Sasa umejua. Ukuta mkate au usikate. Uamuzi nimekuachia.

Kaka yako


Tarehe 19 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo.

Leo naanza na neno, salamu zitafuata. Barua yako niliisomea jikoni nimesimama, maji ya uji yakafurika yakazima jiko. Nimelia kidogo. Kisha nimekukasirikia, nikakuonea huruma, na hasira ikanirudia ninapofikiria simu nane. Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Miezi yote hii nakuvuta kwa kamba, kumbe kamba yenyewe ndiyo inayokusukuma mbali. Kila nilipoandika "njoo, wewe tu ndiye unayeijua" nilikuwa nakufungia mlango kwa mkono wangu. Nisamehe. Hukuniambia, lakini nami mwanzoni sikukuuliza chochote zaidi ya gari.

Sasa sikiliza nilichofanya. Ukasirike ukipenda.

Jumamosi iliyofuata nilimwita Kibiriti. Habari yako sikumwambia. Nilimwambia tu, "Sikio haji kuseti hii injini, tutaiseti sisi."

Akanitazama. "Sisi nani? Wewe unajua kushika tochi."

"Na wewe unajua kitabu. Fungua boneti."

Nilimfunga Bosi mgongoni. Mama nikamtolea kiti, nikamweka pale kivulini, hatua kama kumi kutoka kwenye gari. Kibiriti akawasha. Akageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Mama. Mama anatazama ukuta. Nikamwambia, bado. Akageuza tena, akasogeza moto wa plagi mbele kidogo. Nikamtazama Mama. Bado. Ilikwenda hivyo saa nzima, Kaka, fundi mwenye ndevu anageuza skrubu kwa kufuata uso wa bibi kizee. Kuna wakati Mama alisema, "Mwambieni huyo mwenye gari aende, anatupigia kelele." Kibiriti akatania, "Mama mkwe, nami nataka kwenda, ila binti yako kanikamata." Tulicheka mpaka njiti ikamdondoka.

Halafu aligeuza kidogo tu, kama unavyogeuza ukurasa. Sikusikia tofauti, nakwambia kweli. Lakini Mama aliacha kusugua magoti. Akajifuta mikono kwenye gauni, akainuka, akatupita sisi wote tulioinama pale kama hatupo, akaenda akafungua geti. Akasimama ameshika komeo, anaangalia barabara.

Sikumwambia kwamba gari limo ndani tayari. Nilikwenda nikasimama naye. Tukaangalia barabara wote wawili, mpaka alipochoka mwenyewe akasema, "Atakuwa amepitia mahali." Nikasema ndiyo, Mama.

Kibiriti anasema bado haijakaa sawasawa, ikipata joto inatikisika kidogo. Iache itikisike. Mlima wa hospitali naupanda kwa gia ya kwanza, na nyuma yangu watu wanapanga foleni kama maharusi. Nafika.

Kwa hiyo ukuta haukatwi. Nimeamua, na uliniachia uamuzi kwa mwandiko wako. Ile ya silinda sita nimempa mwenye pikapu ya mikate, sikukusubiri unijibu, maana najua ungeanza tena habari za boliti. Karatasi za kwenye waya amezifuata zote, Kibiriti amesema hajawahi kuona mtu anayeandika injini vizuri hivyo. Imeingia bila kukata kitu. Jumapili mwenye pikapu alitushushia mikate sita, akaondoka kwa mbio za kutisha.

Sasa salamu. Bosi anasimama akishika kiti. Shemeji yako amepandishwa kuwa mkubwa wa zamu, na bado ni mweupe kichwani. Nimewaambia yeye na Kibiriti habari ya masikio yako, wao wawili tu. Shemeji yako akaniuliza kama ule ubao mdogo wa darasani bado uko stoo. Ameufuta vumbi, ameutundika sebuleni, na chaki ameweka. Kibiriti alitoa njiti mdomoni, jambo ambalo sijawahi kuliona, akasema, "Basi aje tu acheze karata. Karata hazitaki sikio."

Kaka, hapa hakuna kazi inayokungoja. Hakuna kitu kilichoharibika ambacho tunasubiri ukitengeneze. Njoo mikono mitupu. Njoo usiseti chochote. Sijakuona miaka minne na nusu, mwanangu hajawahi kubebwa na mjomba, na Mama kila siku ananiuliza kama umekula, na mimi nimechoka kumjibu jambo nisilolijua.

Chumba cha nyuma nimekitandika tena. Safari hii sitandui.

Niandikie tarehe tu, neno moja, nitakuja na gari kituoni. Usisumbuke na matangazo ya pale, wala usimwulize mtu. Toka mlango mkubwa, simama chini ya saa. Nikikuona nitapiga honi, kwa mazoea tu. Usipogeuka, nitashuka.

Mdogo wako